Ahadi ya Mdomo Hailipi Ankara

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi kando ya barabara itokayo Kamembe, nchini Rwanda, ikapita Giheke na kupanda kuelekea msitu wa Nyungwe, wanaijua simu ya aina hii. Mtumishi wa ofisi ya umma anapiga: paa la darasa limeezuliwa na upepo, au daraja dogo limechukuliwa na mvua, au kuna wageni wakubwa kutoka Kigali. "Mzee, nipakilie mabati hamsini na mbao zake. Bajeti ikitoka utalipwa mara moja." Muuzaji anamfahamu mtu huyo. Wanasali pamoja, watoto wao wanasoma shule moja. Anapakia. Mwezi unapita, miwili, mitatu. Mtumishi anahamishwa. Anayekuja kukalia kiti chake anafungua mafaili, hakuti hata karatasi moja, na anamjibu muuzaji kwa adabu kabisa kwamba deni hilo ofisi hailitambui.

Mambo haya hayaishii nchi moja. Kutoka Rusizi hadi Mombasa wapo watu waliotoa mali yao kwa kuamini neno la mtumishi, wakaishia kuzunguka na bahasha mkononi mlango hadi mlango. Na wapo watumishi waaminifu, wasioiba hata faranga moja, walioharibu kazi yao kwa kuagiza kitu wasichokuwa na mamlaka ya kukiagiza. Makala haya ni ya wote hao, pamoja na mkuu wa ofisi ambaye siku moja atawekewa mezani deni asilolijua. Ninalotaka tushike ni hili: serikali huahidi kwa maandishi ya mtu mwenye mamlaka, na pale maandishi yalipokosekana, dawa ni kusema kweli mapema. Kosa la kuagiza bila idhini mara nyingi linarekebishika. Kulificha kwa karatasi za uongo ndiko kunakowapeleka watu mahakamani.

Nani ana uwezo wa kuahidi kwa niaba ya ofisi

Ukimkuta kijana wa dukani akiuza bidhaa za tajiri wake, una haki ya kuamini kwamba ametumwa. Ofisi ya umma haiendi hivyo. Fedha zake zimepitishwa kwa sheria ya bajeti, na kila faranga imepangiwa kazi. Nchini Rwanda mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Fedha ambayo haikupangwa ndani ya miezi hiyo kumi na miwili haipo, hata kama mahitaji yapo na yanaonekana kwa macho.

Giheke ni umurenge, ngazi inayolingana na kata, na ni mmoja kati ya mirenge 18 ya wilaya ya Rusizi. Watu wa Giheke wanapoisema serikali, mara nyingi wanamfikiria gitifu, yaani katibu mtendaji wa umurenge, au mtaalamu wa kilimo, au mkuu wa shule, au mkuu wa kituo cha afya. Hao ndio wanaoonekana kila siku. Lakini msimamizi mkuu wa bajeti ya wilaya ni Katibu Mtendaji wa wilaya. Chini yake yupo afisa ununuzi anayeandaa zabuni, kamati ya zabuni inayochambua bei na sifa za wauzaji, na mhasibu anayelipa. Kila mmoja ameshika kipande chake cha mnyororo, kwa makusudi, ili asiwepo mtu mmoja wa kuchagua muuzaji, kupokea mzigo na kujilipia mwenyewe.

Kwa hiyo fundi mkuu wa wilaya anaweza kusema barabara inahitaji makalavati. Mkuu wa shule anaweza kusema jiko limeishiwa maharage. Kusema kitu kinahitajika ni haki yao, tena ni wajibu wao. Kumwambia muuzaji "lete, tutalipa" ni jambo jingine kabisa, na wengi wao hawana mamlaka hayo isipokuwa kwa kiwango na utaratibu waliowekewa.

Rwanda imejenga utaratibu huu hatua kwa hatua. Ilikuwa na Bodi ya Taifa ya Zabuni tangu 1997, kisha ikaanzisha mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma, RPPA, mwaka 2007. Mfumo wa ununuzi kwa mtandao, Umucyo, jina lenye maana ya uwazi, ulianza kwa majaribio 2016 na kuenea nchi nzima 2017. Sheria inayotumika sasa ni Na. 031/2022 ya tarehe 21 Novemba 2022. Faida kubwa ya Umucyo kwa mfanyabiashara wa mbali na Kigali ni kwamba unamwezesha kuona kwa macho yake kama zabuni ipo. Asiyejua kutumia kompyuta amtafute anayejua. Hapo hategemei tena neno la mtu.

Kwa nini mahakama huwa ngumu kwa muuzaji

Watu wengi hujipa moyo hivi: "Mzigo waliupokea, wanautumia, mahakama haiwezi kuninyima haki yangu." Moyo huo umewaponza hata wakubwa.

Nchini Kenya, kampuni ya utangazaji ya Royal Media Services ilirusha matangazo kwa ajili ya tume ya uchaguzi, kisha ikadai malipo. Matangazo yalisikika nchi nzima. Shauri lilifika Mahakama ya Rufaa, na mwaka 2019 kampuni ikashindwa, kwa sababu kazi hiyo haikupitia utaratibu wa sheria ya ununuzi wa umma ya 2005. Mahakama ilikataa kuupa nguvu mkataba uliofungwa nje ya sheria. Kampuni yenye mawakili na vituo vya redio na televisheni ilishindwa kwa kosa lilelile la mwenye duka anayepakia mabati kwa simu.

Mwaka uliofuata, wakati wa korona, shirika la ununuzi wa dawa la Kenya, KEMSA, lilizipa kampuni mbalimbali barua za kuahidi kununua barakoa, mavazi ya kinga na vifaa vingine, huku bajeti ya ununuzi huo ikiwa haijaidhinishwa. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, uliochapishwa Septemba 2020, ulihoji ununuzi wa shilingi bilioni 7.8. Mali nyingi ilibaki ghalani bila kutumika. Mtendaji mkuu alikuwa ameshasimamishwa kazi mwezi Agosti, na wauzaji wakabaki na barua zenye nembo ya serikali wakisubiri malipo. Tujifunze hapa kwamba hata barua yenye muhuri haitoshi, kama aliyeiandika hakuwa na fedha wala idhini nyuma yake.

Sheria ya namna hii ipo pia mbali na kwetu. Wakulima wa familia ya Merrill, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, waliambiwa na wakala wa shirika la serikali la bima ya mazao kwamba ngano yao yote inafaa kukatiwa bima. Ukame ukaiua. Ndipo shirika likasema kanuni zake hazikubali ngano iliyopandwa upya juu ya shamba la ngano ya msimu wa baridi, na sehemu kubwa ya shamba lao ilikuwa hivyo. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililiunga mkono shirika: anayefanya mapatano na serikali anapaswa ajue mwenyewe mipaka ya mamlaka ya mtu anayezungumza naye. Uamuzi ulipita kwa kura tano dhidi ya nne, maana hata majaji waliona uchungu wake. Lakini ndio msimamo hadi leo.

Sheria hizi zina sababu. Kama kila mtumishi angeweza kuidaisha serikali kwa simu, bajeti ya shule na zahanati ingeliwa na madeni yasiyopangwa na mtu yeyote. Kinga hiyo ya mali ya umma ina bei yake, na bei hiyo mara nyingi hulipwa na muuzaji mdogo. Ndiyo maana muuzaji mdogo anatakiwa kuwa mwangalifu kuliko wote.

Muuzaji: kabla mzigo haujatoka dukani

Kwanza, uliza swali moja bila kuona haya: "Karatasi ya agizo iko wapi?" Kenya na Tanzania wafanyabiashara wamezoea kuiita LPO. Popote ulipo, inatakiwa ionyeshe jina la ofisi, namba, tarehe, bidhaa, idadi, bei, na sahihi ya mwenye mamlaka. Mtumishi mwaminifu hakasiriki akiulizwa hivyo. Anayekasirika amekupa sababu ya kusubiri.

Pili, linganisha tarehe. Agizo linatakiwa litangulie mzigo. Ukipewa agizo lenye tarehe ya baada ya kupeleka, au ukiombwa uandike ankara ya tarehe ya zamani, simama hapo hapo.

Tatu, hakikisha kwa mtu wa pili. Agizo la kazi ya wilaya ulithibitishe katika ofisi ya ununuzi ya wilaya kule Kamembe, na zabuni uione ndani ya Umucyo. Kama ni agizo la shule au kituo cha afya, muulize mhasibu wao kama kamati imekaa na kama fedha ipo kwenye bajeti. Nauli ya kutoka Giheke hadi Kamembe ni ndogo kuliko bei ya lori moja la saruji, hata ikiwa ni ya Cimerwa iliyotengenezwa humu humu Rusizi.

Nne, usikubali mzigo ugawanywe vipande ili kila kipande kionekane ununuzi mdogo. Sheria ya ununuzi inakataza kugawanya zabuni kwa lengo la kukwepa ushindani. Mkaguzi akikuta ankara tano za wiki moja kutoka duka lako kwa kitu kilekile, ataziona kama zabuni moja iliyokatwakatwa, na jina lako litakuwa kwenye ripoti.

Tano, mzigo unapofika pata hati ya mapokezi yenye sahihi, jina kamili, cheo na muhuri, ikitaja kilichopokelewa na hali yake. Weka nakala yako mahali pakavu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni la serikali hupotea haraka zaidi, kwa kuwa watu wa ofisini hubadilika.

Mfanyabiashara aliyeandikishwa vizuri kwenye mamlaka ya mapato na kwenye Umucyo, mwenye vyeti vya kutodaiwa kodi wala michango ya RSSB, mfuko wa hifadhi ya jamii, anaweza kumwambia mtumishi, "Tangazeni, nitaomba." Asiyeandikishwa hulazimika kutegemea urafiki.

Muuzaji: mzigo ukiwa umeshatoka

Tuseme ulishapakia. Usingoje mwaka uishe. Kila tarehe 30 Juni inapopita, deni lako linakuwa la mwaka uliofungwa, na kulipa deni la mwaka uliofungwa ni kugumu maradufu.

Andika barua kwa mkuu wa ofisi mwenye dhamana ya bajeti. Barua iliyoelekezwa kwa yule aliyekupigia simu haitoshi. Eleza kwa utulivu nani aliagiza, lini, kwa njia gani, ulipeleka nini, nani alipokea, na mzigo unatumika wapi sasa. Kama mabati yako yako juu ya darasa, sema ni darasa lipi. Ambatanisha hati ya mapokezi, ujumbe wa simu, na uthibitisho wa bei, kwa mfano risiti za EBM (mashine ya kielektroniki ya kodi) ulizowakatia wateja wengine wiki ileile kwa bidhaa ileile. Uthibitisho wa bei una uzito sana, kwa sababu kitu cha kwanza ambacho ofisi itajiuliza ni kama ulitumia nafasi hiyo kuipandishia bei. Hakikisha nakala yako ya barua imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukipewa jibu la kukataa, omba liwe la maandishi, kisha ukate rufaa kwa ngazi ya juu ya utawala kabla ya kufikiria mahakama. Usipoteze muda kulipeleka dai lako dhidi ya ofisi ya umma kwa Abunzi. Kamati hizo za usuluhishi zinafanya kazi kubwa kati ya raia na raia, lakini mashauri ambayo Serikali ni mdaawa yako nje ya uwezo wao. Tafuta ushauri wa mwanasheria mapema, wakati mashahidi bado wapo na wanakumbuka.

Kenya iliunda mwaka 2023 kamati ya kuhakiki madeni ya wizara na mashirika ya serikali kuu ya tangu 2005 hadi 2022, chini ya Edward Ouko, aliyewahi kuwa Mkaguzi Mkuu. Wadai walitakiwa kuleta nyaraka, na madai mengi yalikataliwa kwa kukosa nyaraka za kuyathibitisha. Karatasi uliyoipuuza leo unaweza kuulizwa baada ya miaka kumi na saba.

Na neno moja la mwisho kwako: asitokee mtu akakuambia deni lako litalipwa ukitoa "asante" kidogo. Ukitoa, umehama kutoka kwa mtu anayedai haki yake hadi kwa mtu aliyehonga, na sheria ya Rwanda ya kupambana na rushwa, Na. 54/2018, inamwadhibu anayetoa kama anavyoadhibiwa anayepokea.

Mtumishi: ukishaagiza bila idhini

Ndugu mtumishi, najua mara nyingi hukusukumwa na tamaa. Uliona watoto wananyeshewa darasani. Mkubwa wako alikuambia "fanya uwezavyo kazi iishe." Ulizidisha idadi kidogo kwa kuwa fundi alisema vifaa havitoshi. Ulimwacha mkandarasi aendelee wiki mbili baada ya mkataba kuisha, ukitegemea nyongeza itasainiwa. Hizo zote ni ahadi zisizo na idhini, na nyingi zinaanza kwa nia njema.

Unapogundua, simamisha kwanza. Usiruhusu mzigo mwingine uingie wala kazi iendelee. Kila siku inayoongezwa inakuza deni, na inageuza kosa la bahati mbaya kuwa kosa la kusudi.

Kisha mwarifu mkuu wako kwa maandishi, siku hiyo au kesho yake. Andika kilichotokea, kwa nini ulidhani unaweza, kitu gani kimepokelewa, nani amekitumia, na muuzaji anadai kiasi gani. Taja jina lako. Usimtupie lawama mtunza ghala aliyesaini kupokea kwa amri yako. Barua ya namna hiyo inauma kuandika, lakini ndiyo itakayokutetea mkaguzi atakapokuja, kwa kuwa inaonyesha hukuficha.

Usiandike agizo lenye tarehe ya nyuma. Usimwombe mjumbe wa kamati ya zabuni asaini muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika. Usitafute ankara mbili za ushindani kutoka kwa marafiki wa muuzaji ili ionekane kulikuwa na ulinganisho wa bei. Hapo umeondoka kwenye kasoro ya utaratibu ukaingia kwenye kughushi. Ndani ya Umucyo mambo hayo yanaonekana upesi zaidi, kwa kuwa mfumo wenyewe unahifadhi tarehe na saa ya kila hatua.

Kumbuka pia kwamba Rwanda haimwachi mtumishi ajifiche nyuma ya ofisi. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ipo tangu 1998. Kamati ya Bunge ya hesabu za umma, PAC, ilianza 2011, na vikao vyake na viongozi wa wilaya husikika redioni na kuonekana kwenye televisheni. Aliyeisababishia serikali hasara anaweza kufuatwa yeye mwenyewe na kutakiwa kulipa kutoka mfukoni. Mfuko wa mwalimu au wa mtaalamu wa kilimo hauwezi kubeba bei ya lori la mabati.

Mkuu wa ofisi: maswali sita kabla ya kuamua

Deni likifika mezani kwako kuna njia mbili rahisi, na zote mbili ni mbaya. Moja ni kulipa haraka ili kelele ziishe. Nyingine ni kulitupa kwa kusema "silijui." Ya kwanza inawafundisha watumishi kwamba utaratibu hauna maana. Ya pili inamwonea muuzaji aliyetoa mali ambayo ofisi yako inaitumia mpaka leo.

Chunguza kwa maswali haya. Je, bidhaa au huduma ilipokelewa kweli na umma ukanufaika? Nenda ukaone, usitegemee picha. Je, ofisi yako ingekuwa na uwezo wa kisheria kununua kitu hicho kama utaratibu ungefuatwa? Je, bei ni ya haki ukiilinganisha na soko la wakati ule? Je, fedha ilikuwepo kwenye bajeti siku ya kuagiza, na ipo leo? Je, mwanasheria na afisa ununuzi wameshauri kwa maandishi kwamba malipo yanaweza kufanyika? Na je, wewe mwenyewe una mamlaka ya kuidhinisha jambo lililokwisha kutendeka, au unapaswa kulipeleka juu?

Maswali ya namna hii ndiyo msingi wa kanuni za ununuzi za serikali ya Marekani kuhusu kuidhinisha baadaye ahadi zisizo na idhini. Usiyatumie kama sheria ya Rwanda. Yatumie kama kipimo cha uadilifu, kisha uamuzi wenyewe uupitishe kwenye sheria ya nchi yako na kwenye ushauri wa RPPA. Jibu likiwa hapana kwa swali hata moja, usilazimishe. Yakiwa ndiyo yote, usimcheleweshe muuzaji kwa sababu tu umemkasirikia mtumishi wako. Adhabu ya mtumishi ni faili lake la nidhamu, na malipo ya muuzaji ni faili lingine. Ukiyachanganya, utamwadhibu asiye na kosa.

Baada ya kuamua, uliza kwa nini ilitokea. Kama watumishi watatu wameagiza bila idhini ndani ya mwaka mmoja, inawezekana ununuzi wa ofisi yako ni wa polepole mno, au mpango wa mwaka haukuwauliza walio mashinani wanahitaji nini. Waite gitifu, wakuu wa shule na wakuu wa vituo vya afya kabla bajeti haijafungwa. Wape kila mmoja karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi, ikieleza anaweza kuagiza nini, mpaka kiasi gani, na ampigie nani likizidi.

Dharura ya kweli

Watu wa Rusizi hawahitaji kufundishwa dharura ni nini. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Cyangugu, humu Rusizi, na Bukavu ng'ambo ya mpaka, likaua watu kwa makumi na kubomoa nyumba, shule na makanisa. Siku kama hiyo hakuna anayesubiri tangazo la zabuni ndipo anunue mahema na dawa.

Sheria inalijua hilo. Inaruhusu kununua kwa muuzaji mmoja moja kwa moja pale janga linapozuka bila kutarajiwa. Ruhusa hiyo haiondoi mambo matatu: mwenye mamlaka aamue, hata kwa ujumbe mfupi wa maandishi, kinachonunuliwa kiwe kile tu kinachohitajika kwa janga hilo, na kumbukumbu iandikwe siku zilezile. Mtumishi aliye mahali pa tukio apige simu kwanza, aeleze, apate jibu, kisha aandike jina la aliyemjibu na saa. Dakika hizo tano hazimcheleweshi majeruhi.

Lakini tusiliite dharura jambo lililotokana na kuchelewa kwetu. Ziara iliyojulikana mwezi mzima si dharura. Mwaka wa fedha unaokaribia kuisha si dharura. Paa lililovuja misimu mitatu ya mvua, likaezuliwa msimu wa nne, lingeweza kuwekwa kwenye mpango wa mwaka.

Mikopo ya dukani shuleni na vituoni

Mahali ambapo ahadi hizi huzaliwa kila wiki bila mtu kuzitazama ni jiko la shule. Tangu 2021 chakula cha shuleni kimepanuliwa kwa wanafunzi wa ngazi zote, na mwaka 2022 serikali ilipanga mchango wa mzazi wa shule ya awali na msingi ya umma kuwa faranga 975 kwa muhula, sehemu kubwa ikibebwa na bajeti ya taifa. Fedha ya serikali ikichelewa, watoto hawaachi kuona njaa. Mkuu wa shule anakwenda kwa muuzaji wa mahindi na maharage, anakopa. Mwezi ujao anakopa kulipa mkopo wa mwezi uliopita.

Ushauri wangu kwa mkuu wa shule: usikope peke yako. Itishe kamati ya shule yenye wazazi mapema, ipime akiba iliyopo na siku zilizobaki, na iandikie wilaya kabla ghala halijawa tupu. Mkataba wa chakula ukiwepo kwa muhula mzima, muuzaji atakuvumilia kwa kuwa ana karatasi. Kwa muuzaji wa chakula: kila gunia linaloingia shuleni liwe na hati ya mapokezi yenye sahihi ya mtunza stoo, na kila mwisho wa mwezi mkae na mhasibu mlinganishe hesabu, msaini wote wawili. Kwa wazazi: mnayo haki ya kuuliza kwenye mkutano shule inadaiwa kiasi gani na nani. Deni linalotajwa hadharani kila muhula haliwezi kukua gizani.

Kituo cha afya kifanye vivyo hivyo kwa dawa, mafuta ya jenereta na matengenezo ya gari. Anayenunua, anayepokea na anayelipa wawe watu watatu.

La kufanya wiki hii

Kama una duka, fungua daftari lako leo uandike kila deni la ofisi ya umma: tarehe, aliyeagiza, aliyepokea, karatasi uliyonayo. Lisilo na karatasi liandikie barua kabla ya Jumamosi. Kama wewe ni mtumishi na kuna mzigo uliouagiza kwa simu, nenda kwa mkuu wako kabla muuzaji hajaenda. Kama wewe ndiye mkuu, waambie watu wako kwenye kikao kijacho kwamba anayekiri mapema atasikilizwa, na anayerudisha tarehe nyuma hatapona. Wafanyabiashara wa Giheke na Kamembe wanataka kuiuzia serikali yao, na serikali inawahitaji, kwa maana bila wao hakuna bati litakalopanda juu ya darasa. Uhusiano huo utadumu pale ambapo kila mmoja anaweza kumwomba mwenzake karatasi bila mtu kuona amedharauliwa.